Deni Lililogeuka Mtaji

Mwenye biashara ndogo anaposhindwa kurejesha mkopo, jambo la kwanza linalomwingia mkopeshaji moyoni ni shaka kwamba amedhulumiwa. Nilikaa na shaka hiyo kwa miezi kadhaa juu ya mtu niliyemkopesha fedha za kupanua karakana yake ya samani. Ninaandika haya kwa sababu nilipoifuatilia shaka hiyo hadi mwisho, nilijikuta nimeacha kuichunguza tabia yake na ninazichunguza fedha zenyewe: zilitoka kwangu kama mkopo, zikafanya kazi kama mtaji, na hasara yake ikanifika kama inavyomfika mwenye hisa, ilhali haki za mwenye hisa sikuwa nazo.

Makubaliano yetu yalikuwa ya kawaida kabisa. Alihitaji mashine ya kuranda mbao, pamoja na mbao za kuanzia oda kubwa alizokuwa ameahidiwa, nami nilikuwa na akiba iliyolala benki. Tuliandikiana hati, tukakubaliana riba ndogo, na marejesho yakagawanywa sawasawa kwa miezi, kuanzia mwezi uliofuata. Marejesho ya mwanzo yalikuja siku ileile iliyopangwa. Kisha likaja nusu, kisha zikaja sababu, kisha simu ikawa inaita bila kupokelewa. Yeyote aliyewahi kudai anajua kwamba kipindi hiki cha mwisho huudhi kuliko hasara yenyewe, maana mdaiwa anaponyamaza, mdai hubaki akibuni mwenyewe maelezo ya kilichotokea, na katika maelezo hayo mdaiwa hatoki salama hata mara moja.

Dini na sheria zimemtenganisha asiyeweza kulipa na asiyetaka kulipa tangu zamani. Qur'ani, katika sura ya Al-Baqara aya ya 280, inaagiza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kwamba kumwachia deni hilo kuwa sadaka ni bora zaidi. Upande wa pili, hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema kwamba mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhuluma. Tofauti hiyo ni bayana kwenye maandishi, lakini kwa mtu aliye nje ya biashara hali hizi mbili hufanana kama shilingi kwa ya pili: wote wawili huahidi, wote wawili huomba wiki moja zaidi, na wote wawili huwa na mteja ambaye yuko karibu sana kulipa.

Kwa maoni yangu, njia nzuri ya kuwatofautisha ni kuwatazama wadai wengine. Asiyetaka kulipa huchagua. Humlipa mwenye jengo kwa sababu anaweza kufungiwa mlango, humlipa muuza mbao kwa sababu kesho atamhitaji tena, na humwacha mkopeshaji kwa sababu mkopeshaji ameshatoa kila alichokuwa nacho cha kutoa na hana kitu cha kumnyima. Asiyeweza, yeye huwa amechelewa kwa kila mtu. Lipo pia kundi la tatu, ambalo nashuku ni kubwa kuliko hayo mawili, nalo ni la wale wanaomlipa yeyote anayepiga kelele zaidi siku hiyo, hata mdai mwenye adabu akajikuta kila mara yuko mwisho wa foleni.

Hatimaye niliomba kuliona daftari. "Kaka, fedha zako zipo, ila haziko mkononi mwangu," aliniambia, nami nikadhani ni maneno ya kunizungusha. Daftari hilo, pamoja na risiti zilizokuwa zimebanwa ndani yake, lilionyesha kwamba alikuwa amesema kweli tupu. Mauzo yalikuwa yamepanda tangu aliponunua mashine. Kila samani iliyotoka ilikuwa na faida juu yake. Hata hivyo, wateja wake wakubwa, ambao ndio waliomfanya akope, walikuwa wakichukua mzigo leo kwa makubaliano ya kulipa baada ya miezi mitatu, na baadhi yao walikuwa wamevuka miezi hiyo mitatu bila kulipa. Jumla ya alichowadai wao ilikuwa kubwa kuliko jumla ya nilichomdai mimi. Alikuwa mdaiwa wangu na mdai wao kwa wakati mmoja, na alikuwa akiwapigia simu wao kama nilivyokuwa nikimpigia yeye.

Hapa ndipo panapostahili kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaokopesha biashara ndogo huuliza kama biashara ina faida na kuridhika na jibu hilo. Faida huhesabiwa pale bidhaa inapouzwa. Marejesho ya mkopo hulipwa pale fedha zinapoingia. Kati ya matukio hayo mawili kunaweza kupita siku nyingi, na katika siku hizo mbao zinapaswa kulipiwa zinaponunuliwa, mafundi wanapaswa kulipwa kila wiki, na umeme haungoji mteja alipe. Kwa biashara ya namna hiyo, oda inapokua huongeza njaa ya fedha badala ya kuipunguza. Tuchukulie kwamba kila kiti kinahitaji fedha 60 za mbao na ufundi leo, na kitaleta 100 baada ya miezi mitatu. Mtu anayetengeneza viti kumi kwa mwezi anahitaji 600 kila mwezi, na anapaswa kutoa 1,800 kabla ya kuona senti ya kwanza ikirudi. Akipata oda ya viti ishirini kwa mwezi, atahitaji 3,600 kabla ya fedha za oda hiyo kuanza kuingia. Daftari lake litasema kwamba faida imeongezeka maradufu, na sanduku lake litakuwa tupu. Biashara inaweza kufilisika ikiwa imejaa oda, na mwenye nayo akabaki akishangaa jinsi alivyofanya kazi mchana na usiku kwa ajili ya matokeo hayo.

Sasa ongeza juu ya hali hiyo rejesho langu la kila mwezi, lililokuwa sawasawa bila kujali msimu, na lililoanza mwezi wa kwanza, wakati mashine ilikuwa bado inafungwa. Sehemu moja ya mkopo ilikuwa imegeuka chuma, ambacho hakiwezi kukatwa vipande kila mwezi ili kulipia deni. Sehemu nyingine ilikuwa imegeuka viti vilivyokuwa vikikaliwa na watu ambao hawajavilipia. Marejesho yale ya mwanzo, yaliyonifurahisha kwa kuja kwa wakati, yalitoka kwenye fedha za mbao za oda iliyofuata. Kwa maneno mengine, nilikuwa nikirudishiwa fedha zangu mwenyewe, na kila rejesho lililopokewa kwa wakati lilikuwa likiipunguzia karakana uwezo wa kuleta rejesho lililofuata.

Watu waliofikiri kwa makini juu ya mikopo midogo walilitambua jambo hili mapema. Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, kwa kuwakopesha watu 42 jumla ya dola 27 za Marekani kutoka mfukoni mwake. Benki ya Grameen iliyotokana na kazi hiyo ilipata hadhi ya benki mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Sehemu ya hadithi inayosimuliwa mara nyingi ni ya vikundi vya wakopaji watano watano, lakini kwa mkopeshaji wa kawaida naona kuna la kujifunza zaidi kwenye marejesho madogo ya kila wiki. Anayeuza vikapu au maziwa hushika fedha kila siku, kwa hiyo rejesho dogo la kila wiki hufuata mapigo ya biashara yake. Ratiba hiyohiyo, akipewa fundi anayelipwa mara nne kwa mwaka, ni kitanzi.

Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala katika karne ya 18 kabla ya Kristo, zilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 48 kinasema kwamba mdaiwa ambaye dhoruba imegharikisha shamba lake, au ambaye nafaka haikuota kwa kukosa maji, hatampa mdai wake nafaka mwaka huo; atakilowesha kibao cha udongo chenye deni lake ili kibadilishwe, wala hatalipa riba ya mwaka huo. Katika mpango ule, sehemu ya hatari ya hali ya hewa ilibebwa na mdai, tena kwa amri ya mfalme. Hati yangu haikuwa na kifungu cha aina hiyo, na sijui hati nyingi za watu binafsi zilizo nacho.

Hesabu yenyewe ya mkopo inaonyesha kwa nini jambo hili ni zito kwa mkopeshaji mdogo. Mtu akikopesha biashara kumi, kila moja 100, kwa riba ya asilimia 10, na moja kati ya hizo ikaanguka bila kurejesha chochote, tisa zilizobaki zitamletea 990. Alitoa 1,000. Biashara moja tu imekula riba ya zote tisa na ikagusa kiini. Benki inaweza kuishi na hesabu hiyo kwa sababu ina wakopaji maelfu, hutoza riba inayozingatia watakaoanguka, na huchukua dhamana. Mtu binafsi mwenye mkopaji mmoja hana wastani wa kujificha nyuma yake. Yeye ama hulipwa, ama halipwi. Biashara ikistawi, kitakachomfikia ni riba iliyoandikwa na hakuna zaidi, hata kama karakana itageuka kiwanda. Ikianguka, anaanguka nayo. Naona mpangilio huo ni mbaya kwa yeyote anayeuingia kwa nia ya kupata faida, na sijaelewa kwa nini tunaendelea kuuchukulia kuwa ndio njia salama na ubia kuwa ndiyo njia ya hatari.

Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, walikuwa na jina la njia nyingine, nayo ni mudharaba: mmoja hutoa mtaji, mwingine hutoa kazi na maarifa, faida hugawanywa kwa uwiano waliokubaliana tangu mwanzo, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mali, isipokuwa pale mfanyabiashara alipozembea au kuvunja masharti. Mtu anaweza kudhani kwamba njia hiyo humwonea mwenye mali. Lakini hasara humwangukia vilevile hata akiiita fedha yake mkopo. Tofauti ni kwamba kwenye mudharaba analipwa kwa kuibeba, na anakuwa na sababu ya kuliona daftari kabla mambo hayajaharibika. Asiyetaka ubia naye, kwa mfano mtu anayemsaidia ndugu, afadhali atoe mkopo usio na riba na kuamua moyoni ni kiasi gani anaweza kukikosa bila kukosana na mtu.

Liko jambo jingine ambalo wengi huligundua wakiwa wameshachelewa, nalo ni nani hasa anayedaiwa. Kesi inayotajwa kila mahali ni ya Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London, ambaye mwaka 1892 aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda mwenyewe, kwa bei iliyokaribia pauni 39,000. Wanahisa walikuwa yeye, mkewe, bintiye na wanawe wanne; kati ya hisa 20,007, yeye alishika 20,001. Sehemu ya bei alilipwa kwa hati za deni za pauni 10,000 zilizowekewa dhamana ya mali ya kampuni. Biashara ilidorora upesi, akaja mkopeshaji aitwaye Edmund Broderip aliyetoa pauni 5,000 kwa dhamana ya hati hizo, na hata hivyo kampuni ikaanguka. Mabwana wa Sheria katika Bunge la Uingereza, waliokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufaa wakati huo, waliamua mwaka 1896 kwamba kampuni ni mtu tofauti na mwenye nayo, kwamba Salomon hakuwajibika kwa madeni ya kampuni, na kwamba hati zake za deni zilikuwa halali. Mkopeshaji mwenye dhamana alilipwa, Salomon akasimama mbele ya wadai wa kawaida, na wadai hao wasio na dhamana hawakupata kitu.

Hukumu hiyo ilijenga msingi wa sheria ya makampuni katika nchi nyingi zilizofuata mfumo wa Uingereza. Kwa mkopeshaji mdogo maana yake ni rahisi: ukiikopesha kampuni, mwenye kampuni hadaiwi, hata kama ni yeye aliyekuja sebuleni kwako kuomba na ni yeye aliyekuapia. Atadaiwa tu iwapo amesaini kama mdhamini kwa jina lake. Bahati yangu ni kwamba karakana hii haikuwa kampuni, kwa hiyo deni lilikuwa juu yake mwenyewe bila ubishi.

Bado, kuwa na haki na kulipwa ni mambo mawili. Zamani Uingereza ilimfunga mdaiwa gerezani. Baba yake Charles Dickens alifungwa katika gereza la Marshalsea mwaka 1824 kwa deni la pauni 40 na shilingi 10 alilodaiwa na mwoka mikate. Kitu ambacho sheria hiyo haikuweza kukieleza ni jinsi mtu aliyefungiwa ndani angeweza kutafuta fedha za kulipa. Mwaka 1869 Bunge lilifuta sehemu kubwa ya kifungo hicho. Njia za leo ni za madai: mahakama humpa mdai hukumu, lakini hukumu haizalishi fedha. Mahakama ingeweza kuamuru mashine ya kuranda iuzwe, kwa bei ya chakavu, na karakana ingefungwa wiki hiyohiyo pamoja na matumaini ya sehemu iliyobaki. Nilizingatia njia hiyo na kuiacha, kwa sababu za hesabu zaidi kuliko za huruma.

Jambo moja la kisheria sikuliacha, nalo ni maandishi. Madai yana ukomo wa muda. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1980, kwa mfano, deni la mkataba wa kawaida hudaiwa mahakamani ndani ya miaka 6, na muda huo huanza kuhesabiwa upya mdaiwa anapokiri deni kwa maandishi yaliyosainiwa au anapolipa sehemu yake. Mdai anayengoja kwa upole bila karatasi anaweza kuamka siku moja na kukuta upole wake umemnyima haki. Aya ya 282 ya sura ileile ya Al-Baqara inaamuru deni la muda maalumu liandikwe, liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo kabla ya kujadili namna mpya ya kulipa, tuliandika kwanza kiasi kilichobaki, tarehe na saini, na jina la shahidi.

Kisha tukayabadili makubaliano. Marejesho sawa ya kila mwezi yalifutwa, na badala yake nikapewa sehemu maalumu ya kila malipo yanayoingia kutoka kwa wateja, yawe makubwa au madogo. Deni la mmoja wa wateja wale wakubwa lilihamishiwa kwangu kwa barua, ili mteja huyo anilipe mimi moja kwa moja. Riba ya kipindi cha ukimya niliifuta, kwa kuwa kuiongeza juu ya deni lisilolipika kungenipa tarakimu kubwa zaidi ya kutolipwa. Yeye kwa upande wake alikubali kudai nusu ya bei kabla ya kuanza kazi yoyote. Sharti hilo lilimpotezea mteja mmoja aliyekuwa akijisifia kila mara, na lilileta nafuu kubwa kuliko kitu kingine chochote tulichokiandika siku ile. Kila mwisho wa mwezi hunitumia picha ya kurasa za daftari.

Deni halijaisha, na sehemu yake nimekwisha kuikatia tamaa katika hesabu zangu, ingawa kwenye karatasi ingali pale. Mteja ambaye deni lake lilihamishiwa kwangu amelipa theluthi mbili, na anajibu simu zangu kwa maneno yaleyale niliyoyazoea. Hivi karibuni mwenye karakana aliniuliza kama ningeweza kumwongezea kiasi kidogo cha kununulia mbao za oda mpya ambayo nusu ya bei yake imeshalipwa. Nimemjibu kwamba mkopo sitatoa, lakini kwa oda hiyo moja niko tayari kuweka mtaji na kugawana naye faida, mradi nione hati ya mteja na tarehe yake ya kulipa. Bado tunabishana juu ya uwiano.